Sura ya 9: Nani Bondia Bora Kuliko Wote Kenya?

Swali hili halichoki. Utalisikia kwa kinyozi pale Ahero, utalisikia kwenye stendi ambapo barabara ya Kisii inaachana na ile ya Kisumu kwenda Nairobi, na utalisikia zaidi usiku wa pambano kubwa la ng'ambo, watu wamejazana mbele ya televisheni ya hoteli wakingoja kengele ya kwanza. Nani alikuwa bondia bora kuliko wote waliowahi kutoka Kenya?

Jibu la wengi huja upesi: Robert Wangila. Alileta dhahabu ya Olimpiki, hoja imekwisha. Na kwa kuwa tuko Nyanza, hatakosekana mtu wa kumtaja Conjestina Achieng wa Siaya, na hapo sauti zitapanda.

Jibu langu ni lingine, na najua halipendwi. Nasema bondia bora kuliko wote waliowahi kuvaa jezi ya Kenya ni Philip Waruinge wa Nakuru, mtu ambaye hakuwahi kushinda dhahabu ya Olimpiki wala mkanda wa dunia. Wa pili ni Stephen Muchoki. Wangila namweka wa tatu. Nimewahi kuambiwa kwamba huko ni kumkosea heshima marehemu. Sikubali, na kurasa zinazofuata zitaeleza kwa nini.

Maneno matatu kabla hatujapanda ulingoni

Ndondi za ridhaa ni zile za Olimpiki, Jumuiya ya Madola na mashindano ya mataifa. Bondia anapigania nchi yake, na enzi za Waruinge pambano lilikuwa la raundi tatu za dakika tatu tatu. Ngumi za kulipwa ni kazi: kuna mkataba, kuna promota, na pambano la taji la wanaume leo huenda mpaka raundi 12.

Uzani ni daraja la kilo ambalo bondia anapigania. Waruinge aling'ara katika uzani wa unyoya, usiozidi kilo 57. Muchoki alikuwa mdogo zaidi, kilo 48. Wangila alipigana uzani wa welta, kilo 67. Hawa watatu wasingeweza kukutana kamwe ulingoni, kwa hiyo anayetaka kuwapanga hana budi kutafuta kipimo kingine zaidi ya kuuliza nani angempiga nani.

Nokauti ni pale mmoja anapoangushwa akashindwa kuendelea. Pambano likifika mwisho wa raundi zote, majaji wanaoketi kando ya ulingo ndio wanaoamua kwa pointi. Shikilia neno hilo, majaji. Tutalihitaji sana.

Medali zinapima nini?

Kenya imepata medali saba za ndondi katika Olimpiki:

- Mexico City 1968: Philip Waruinge, shaba
- Munich 1972: Philip Waruinge, fedha, Samuel Mbugua, shaba, Dick Murunga, shaba
- Los Angeles 1984: Ibrahim Bilali, shaba
- Seoul 1988: Robert Wangila, dhahabu, Chris Sande, shaba

Ukihesabu kwa haraka, Wangila yuko juu na mjadala umefungwa. Dhahabu yake ndiyo pekee ambayo Kenya imewahi kushinda katika Olimpiki nje ya riadha. Hilo ni jambo kubwa na litabaki kubwa.

Lakini mkulima wa mpunga wa Ahero anajua gorogoro inapima nini. Inakuambia mkebe umejaa. Haikuambii mchele ni wa aina gani, wala kama punje ni nzima au zimevunjikavunjika mashineni. Medali nayo inakuambia bondia alimaliza wa ngapi wiki ile. Haisemi alikutana na nani, nani hakufika, wala majaji waligawanyika vipi. Mambo hayo matatu yakipuuzwa, orodha yoyote ya mabondia bora itakuwa orodha ya waliobahatika pamoja na waliostahili, bila njia ya kuwatenganisha.

Siku Mexico ilipompa shaba na kombe

Mwaka 1968 Waruinge alifika Mexico City akiwa tayari bingwa wa Jumuiya ya Madola, dhahabu aliyoitwaa Kingston, Jamaica, mwaka 1966. Katika nusu fainali alipangiwa Antonio Roldán. Roldán alikuwa Mmexico, akipigana nyumbani, ukumbi mzima ukimshangilia. Majaji walikuwa watano. Watatu wakampa Roldán, wawili wakampa Waruinge. Mkenya akatoka na shaba.

Roldán akaenda fainali kupambana na Al Robinson wa Marekani, akapata dhahabu baada ya Robinson kuondolewa kwa kosa la kupiga kichwa. Yaani bingwa wa uzani ule alivuka nusu fainali kwa kura ya jaji mmoja, na fainali kwa adhabu ya refa.

Sasa sikiliza kilichofuata, maana ndicho kinachobeba sura hii. Katika Olimpiki za enzi hizo kulikuwa na tuzo iliyoitwa Kombe la Val Barker, iliyoanza kutolewa mwaka 1936. Ilipewa bondia mmoja tu kati ya wote wa uzani wote, yule aliyeonyesha ufundi mkubwa kuliko wenzake. Mwaka 1960 tuzo hiyo haikumwendea kijana Cassius Clay, ambaye baadaye tulimjua kama Muhammad Ali, ingawa alishinda dhahabu. Ilimwendea Nino Benvenuti wa Italia. Mwaka 1972 ilikwenda kwa Teófilo Stevenson, jabali la Cuba.

Na mwaka 1968, mashindano ambayo George Foreman alishinda dhahabu ya uzani wa juu kabisa, Kombe la Val Barker alipewa Philip Waruinge wa Kenya. Mwenye shaba.

Wenye ndondi yao walikaa, wakatazama mabondia wote wa dunia waliokuwa pale, wakasema huyu ndiye fundi kuliko wote. Hakuna Mkenya mwingine aliyewahi kuambiwa hivyo. Nikiulizwa ushahidi wangu ni upi, naanza hapa.

Miaka ishirini baadaye, Seoul, jambo linalofanana lilimpata Roy Jones wa Marekani. Alimtwanga Park Si-hun wa Korea Kusini katika fainali, majaji watatu kati ya watano wakampa mwenyeji ushindi, na Jones akaondoka na fedha pamoja na Kombe la Val Barker. Dunia nzima bado inazungumzia dhuluma hiyo, na hakuna mpenzi wa ndondi anayemweka Jones chini ya Park. Kwa nini basi sisi wenyewe tunamhukumu Waruinge kwa rangi ya medali yake?

Munich, Edinburgh, Japan

Wapo watakaosema wiki moja nzuri haimfanyi mtu mkuu. Ni kweli. Ila Waruinge hakuwa mtu wa wiki moja. Mwaka 1970 alishinda tena dhahabu ya Jumuiya ya Madola, safari hii Edinburgh. Mwaka 1972 alirudi Olimpiki, akafika fainali, akakutana na Boris Kuznetsov wa Muungano wa Kisovieti. Majaji watatu wakasema Kuznetsov, wawili wakasema Waruinge.

Hesabu ni nyepesi. Olimpiki mbili mfululizo, jaji mmoja tu Mexico na mmoja tu Munich wangeona tofauti, na leo tungekuwa tunazungumza habari za mtu mwingine kabisa.

Baadaye alikwenda Japan kupigana ngumi za kulipwa, akitumia jina la Waruinge Nakayama. Mwaka 1976 alikwenda Panama kuwania taji la dunia la WBC dhidi ya Rigoberto Riasco, akashindwa baada ya raundi ya nane. WBC ni moja ya mashirika yanayotoa mikanda ya dunia. WBA na IBF ni mengine. Kushindwa huko ni doa, sifichi. Lakini ni doa la mtu aliyekuwa amevuka miaka yake ya ubora, akipigana ugenini, nyumbani kwa mpinzani.

Kwa ufupi: mataji mawili ya Jumuiya ya Madola, medali mbili za Olimpiki, zote baada ya kushindwa kwa kura moja tu, na tuzo ya ufundi ambayo hata Ali hakuipata.

Shimo la miaka kumi na miwili

Rudi kwenye ile orodha ya medali. Kati ya 1972 na 1984 hakuna kitu. Msomaji mchanga anaweza kudhani Kenya haikuwa na mabondia miaka hiyo. Ilikuwa nao, na huenda ndio walikuwa bora zaidi.

Mwaka 1976 nchi za Afrika zilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Mwaka 1980 Kenya ikaungana na Marekani kususia Moscow kwa sababu ya uvamizi wa Wasovieti nchini Afghanistan. Sibishani hapa na uamuzi wa 1976, ambao kwangu ulikuwa wa haki. Ninachosema ni kwamba gharama yake ililipwa na watu wenye majina, na aliyelipa zaidi katika ndondi ni Stephen Muchoki.

Mwaka 1974 Muchoki alishinda dhahabu ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch. Mwaka huohuo, Havana iliandaa mashindano ya kwanza kabisa ya dunia ya ndondi za ridhaa. Muchoki akafika fainali, akashindwa na Jorge Hernández wa Cuba mbele ya Wacuba. Miaka miwili baadaye, Montreal, dhahabu ya kilo 48 ilitwaliwa na nani? Na Hernández huyohuyo. Aliyekuwa wa pili duniani nyuma yake hakuwepo.

Mwaka 1978 Muchoki akawa bingwa wa dunia, Belgrade, na mwaka huo huo akaongeza dhahabu ya pili ya Jumuiya ya Madola, Edmonton. Kisha ikaja Moscow, na mlango ukafungwa tena. Bingwa wa dunia alikosa Olimpiki mbili akiwa katika nguvu zake, bila kupigwa konde hata moja. Alipokwenda kwenye ngumi za kulipwa alimkabili Santos Laciar wa Argentina huko Copenhagen kuwania taji la WBA, akashindwa.

Hii ndiyo sababu namweka juu ya Wangila, na hapa ndipo watu hukasirika zaidi. Belgrade ilikuwa na Wacuba, na Wasovieti, na kila mtu aliyekuwa tishio. Seoul haikuwa na Wacuba, maana Cuba ilisusia Olimpiki ya 1988. Katika ndondi za ridhaa za miaka ile, mashindano bila Cuba yalikosa timu iliyokuwa ikiogopwa kuliko zote. Wangila hakuwa na kosa lolote katika hilo. Alipiga waliokuja. Lakini tunapopanga watu wawili waliofika kileleni, lazima tuulize kilele kilikuwa na urefu gani.

Nokauti inapendwa kupita kiasi

Wangila alishinda fainali yake kwa nokauti, raundi ya pili, na picha ile imekaa katika macho ya taifa. Nokauti ina nguvu hiyo. Haihitaji jaji, haihitaji mfasiri. Ndiyo maana huwa inawapandisha watu kuliko wanavyostahili.

Chukua mfano wa jirani zetu Uganda. Ukiuliza bondia wao mkuu, wengi watakuambia John Mugabi, aliyeitwa Mnyama. Alishinda fedha Moscow 1980, na kila ushindi wake wa kulipwa kabla ya kukutana na Marvin Hagler mwaka 1986 ulikuwa wa nokauti. Hagler alimsimamisha raundi ya 11. Mugabi alikuja kupata taji la WBC mwaka 1989.

Mimi namweka Ayub Kalule juu yake. Kalule alikuwa bingwa wa dunia wa ridhaa palepale Havana 1974, akawa bingwa wa Jumuiya ya Madola mwaka huohuo, kisha mwaka 1979 akaenda Japan kumnyang'anya Masashi Kudo taji la WBA nyumbani kwake. Alilitetea, akafika mwaka 1981 bila kushindwa hata mara moja, mpaka Sugar Ray Leonard alipomsimamisha raundi ya tisa. Alipigana kwa akili, akimchosha mpinzani kidogo kidogo. Watazamaji hawakuruka vitini kwa ajili yake kama walivyoruka kwa Mugabi, na mpaka leo anakosa heshima kwa sababu hiyo.

Rekodi safi nayo isikutishe

Kipimo kingine kinachopendwa ni rekodi isiyo na doa. Rocky Marciano alistaafu akiwa na ushindi 49 bila kushindwa, Floyd Mayweather 50. Lakini Joe Louis ambaye Marciano alimwangusha mwaka 1951 alikuwa na miaka 37, jina kubwa lililobakiza mwili uliochoka. Na pambano la 50 la Mayweather lilikuwa dhidi ya Conor McGregor, mtu aliyekuwa akipigana ngumi za kulipwa kwa mara ya kwanza maishani. Kinyume chake, Sugar Ray Robinson, ambaye mabingwa wengi humtaja kuwa bora wa nyakati zote, alishindwa zaidi ya mara kumi. Alishindwa kwa sababu alipigana na kila mtu, tena mara nyingi, tena mpaka uzeeni.

Hata orodha zinazopangwa kwa tarakimu hushtukizwa. Septemba 2018 Hassan Mwakinyo wa Tanga alikwenda Birmingham, Uingereza, kama mtu wa kupigwa, akamsimamisha Sam Eggington katika raundi ya pili. Kwa usiku mmoja alipanda zaidi ya nafasi mia moja katika viwango vya dunia. Mwakinyo hakuwa amebadilika kati ya asubuhi na usiku. Viwango ndivyo vilikuwa havijamwona.

Kwa hiyo, ninapompima bondia, nauliza:

- Alikutana na nani, na mpinzani huyo alikuwa katika hali gani siku hiyo?
- Alikwenda ugenini, au alingoja kufuatwa?
- Alikaa juu kwa muda gani?
- Ni nini kilichomzuia ambacho hakikuwa ngumi?

Wangila mbele ya maswali hayo

Ni haki Wangila naye apimwe kwa kipimo hichohicho, na swali la kwanza linampa sifa ambayo mashabiki wake wengi hawaitaji. Mfaransa ambaye Wangila alimwangusha katika ile fainali ya Seoul, Laurent Boudouani, alikuja kuwa bingwa wa dunia wa WBA miaka ya tisini. Wangila hakumpiga mtu wa njiani. Nafasi ya tatu katika nchi iliyotoa kikosi kama Hit Squad, timu yetu ya taifa ya ndondi, si nafasi ya kuonea aibu.

Kinachomzuia kupanda ni swali la tatu. Baada ya Seoul alihamia Marekani kupigana ngumi za kulipwa. Alishinda mengi, akashindwa kadhaa, na hakufika kwenye taji la dunia. Julai 1994, akiwa na miaka 26, alifariki Las Vegas kutokana na majeraha ya pambano. Wapo wanaompandisha kwa huruma ya kifo hicho, na wapo wanaomshusha wakisema hakufanikiwa katika ngumi za kulipwa. Wote wawili wanakosea. Kifo hakiongezi pointi wala hakipunguzi, na kijana aliyekatizwa akiwa na miaka 26 hahukumiwi kwa mataji ambayo hakupata muda wa kuyafuata.

Mtu wa kwetu

Nimeacha la mwisho gumu kuliko yote kulisema huku ziwani. Nafasi ya nne nampa Fatuma Zarika, juu ya Conjestina Achieng.

Conjestina ndiye aliyefungua mlango. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, binti wa Siaya alikuwa Mwafrika wa kwanza mwanamke kushika taji la kimataifa la ngumi za kulipwa. Wasichana wa Kisumu, Ahero na Bondo walijua kwa kumtazama yeye kwamba ulingo si wa wanaume peke yao, na bila yeye sidhani kama promota yeyote wa Nairobi angethubutu kuweka pambano la wanawake kuwa pambano kuu la usiku. Kisha maradhi yakamtoa ulingoni mapema. Tukiuliza nani alibadilisha ndondi za Kenya, Conjestina anakwenda juu sana, pengine juu ya wote. Lakini swali letu ni nani alipigana vizuri zaidi, dhidi ya nani, kwa muda gani.

Zarika alipigana zaidi ya miaka kumi, akishindwa mara kadhaa, kabla hajapata nafasi. Oktoba 2016 alisafiri mpaka Flint, Michigan, kumkabili Alicia Ashley, na majaji wawili kati ya watatu wakampa mkanda wa WBC, wa kwanza kwa Mkenya yeyote. Ashley alikuwa na miaka 49, na hoja niliyomtolea Marciano inamgusa Zarika pia. Tofauti ni kwamba Louis hakuwa bingwa tena alipokutana na Marciano, ilhali Ashley alikuwa bado anashikilia mkanda ule.

Na Zarika hakuishia hapo. Mwaka 2018, Nairobi, alimshinda Yamileth Mercado wa Mexico, kijana mwenye nguvu mpya, mdogo kwa Zarika kwa zaidi ya miaka kumi. Novemba 2019 akakubali kurudiana naye hukohuko Mexico, akapoteza mkanda. Mercado aliendelea kuushikilia kwa miaka. Ushindi dhidi ya bingwa wa namna hiyo, alipokuwa anachipuka na ana njaa, ndio unaomweka Zarika wa nne. Chini yake namweka Ibrahim Bilali, kisha Conjestina, kisha Chris Sande, na hao watatu niko tayari kusikiliza mtu akiwapanga upya.